Mnazi wa Nyuma kwa Bi Tatu

Daktari alinifunga jicho la kulia kwa pamba na plasta. La kushoto lilikuwa limeshajifunga lenyewe siku nyingi kwa ukungu mweupe wa mtoto wa jicho, na zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa bado. Kwa hiyo jioni ile nilikalishwa kwenye kochi la mjukuu wangu Zuhura, hapa Doha, mtaa wa Bin Mahmoud, kama gunia la mchele lililoshushwa na mtu wa bakala, lile duka la mtaani. Sitakiwi kuinama. Sitakiwi kubeba kitu. Zuhura ni nesi, na nesi akikukataza jambo hukukataza mara mbili, mara moja kwa ujukuu na mara ya pili kwa kazi yake.

Nilikuja nchi hii kumwangalia yeye na mtoto wake mchanga, ili arubaini yake asiimalize peke yake kwenye fleti na kiyoyozi. Nikamkanda, nikampikia uji wa pilipili manga, nikamwogesha mtoto. Siku moja nikampaka mtoto wanja, Zuhura akasema, "Bibi, mbona umempaka puani?" Ndipo alipojua. Mimi nilikuwa nimenyamaza, maana mtu mzima akianza kusema haoni, watoto humnyang'anya kisu cha jikoni. Na lipo jambo ambalo sikumwambia hata hapo. Yule mtoto nilikuwa nimembeba tangu nifike bila kuujua uso wake. Nilijua harufu yake, nilijua uzito wake, nilijua kilio chake cha njaa na kile cha usingizi. Uso ulikuwa kama mkate ulio nyuma ya chandarua.

Daktari alisema, "Kesho tutafungua, tuone." Yeye alisema tuone. Mimi nikajiuliza ni nani huyo atakayeona.

Basi nimekaa na giza langu, na Hamisi, mume wa Zuhura, yuko nyumbani, hana zamu. Hamisi ni mlinzi kwenye jengo moja refu upande wa baharini. Ni kijana mzuri lakini amelelewa Nairobi, na mdomo wake ni wa huko. Akawasha televisheni.

"Shosho, unaskia?"

"Mimi si shosho wako. Mimi ni bibi."

"Haya, bibi. Kuna kichekesho hapa cha Wazungu wa zamani. Ni wazee wamebaki kulinda mji wao vita ikipiganwa, yaani hawajui kitu. Huyu amegeuka kushoto, wenzake wote wameenda kulia."

"Bunduki wanazo?"

"Bunduki wapi. Wako na mafagio."

"Na mkubwa wao anafoka?"

"Anafoka kama supavaiza wangu."

"Na yuko mmoja mzee anachelewa kila amri, kama anayesikia kesho?"

Hamisi akapunguza sauti ya televisheni. "Bibi, kwani umewahi kuiona hii?"

"Nimeiona kabla mama yako hajazaliwa," nikamwambia. Nikacheka mpaka plasta ikavuta ngozi, Zuhura akaja kutoka jikoni kunigombeza. Daktari alikataza kuinama, hakukataza kucheka. Lakini nilivyoendelea kusikiliza zile kelele za gwaride kwenye giza, kicheko kikaisha, nikarudi mahali ambapo sikuwa nimefika miaka mingi. Nikamkumbuka baba yangu juu ya mnazi. Nyinyi wenzangu mliokuwa watoto vita vile, mliojua harufu ya taa ya kibatari na mliotishwa kwa jina la Mtaliana ili mle ugali, hii naandika kwa ajili yenu. Hawa vijana wataona ni mchezo tu.

Mji wetu ni mdogo, uko kaskazini ya Mombasa, na jina silitaji kwa sababu wajukuu wa Bi Tatu wako hai na wana midomo. Vita vilikuwa vya Wazungu na vilikuwa mbali. Halafu ikasemekana ndege ya Mtaliana imeonekana huko juu, Mtaliana aliyekuwa Habashi, na kwamba ikipenda inaweza kuja kwetu. Mimi nilikuwa mtoto wa kukaa kwenye jamvi la chuo cha Kurani na juzuu mkononi, meno ya mbele yameng'oka. Vijana walikuwa wameshachukuliwa. Baba mdogo Salimu alipanda lori akiimba, na nyanya akashika ukingo wa lile lori mpaka lilipomtoka mkononi. Alirudi vita vilipokwisha, lakini wakati ule hakuna aliyejua kama atarudi. Kwangu mimi lori lilikuwa mnyama anayekula watu.

Baba yangu, Athumani, aliachwa. Yeye alikuwa mkwezi, kazi yake kukwea minazi ya watu na kuangua nazi, na mji mzima ulikuwa umebaki na mkwezi mmoja. Isitoshe, Bwana Shauri alipenda madafu. Bwana Shauri ndivyo tulivyomwita yule Mzungu wa serikali.

Ikatoka amri kwamba wanaume waliobaki wajitolee kuulinda mji. Kujitolea kwenyewe karani alipita mitaani akionyesha watu kidole: wewe, na wewe, na wewe. Akapatikana Mbwana fundi cherehani, ambaye masikio yake yalikuwa mapambo. Akapatikana mwalimu wetu wa chuo, mnene, pumzi fupi. Wakapatikana wazee wengine wa barazani, na baba yangu. Juu yao akawekwa Farjala, askari wa vita vya mwanzo, ambaye tangu aliporudi alikuwa hana wa kumwamrisha ila kuku. Sasa akavaa mabuti yake tena, akataka aitwe Sajenti.

Bunduki hazikuja. Sajenti akapita nyumba kwa nyumba akikusanya michi ya kutwangia, maana mchi una urefu wa bunduki na uzito wake. Alipofika kwetu mama alikuwa na mahindi kinuni.

"Nitatwanga kwa nini?" mama akauliza.

"Mama Mwana, nchi iko vitani."

"Na tumbo la huyo askari wako, usiku nitalilisha nini?"

Sajenti akauchukua mchi. Tukala mahindi mazima mazima tukayaita pure, na kila alasiri mama alisimama mlangoni kuutazama mchi wake ukipita begani kwa Mbwana fundi. Mbwana alikuwa hasikii amri, kwa hiyo aligeuka akishamwona mwenzake amegeuka, na mara nyingine wenzake wakishasimama yeye alikuwa bado anakwenda, peke yake, mchi begani, moja kwa moja kuelekea pwani. Sisi watoto tulimfuata nyuma tukimhesabia hatua. Hakuna aliyemrudisha mpaka maji yalipomfikia miguuni, akashtuka mwenyewe.

Kazi ya baba ilikuwa nyingine. Ulikuwako mnazi mrefu kuliko yote, umesimama nyuma ya ua wa Bi Tatu, na ukiwa juu yake unaona bahari yote na njia yote ya kaskazini. Baba akaambiwa akwee kila siku akae kileleni kwenye makuti, amefunga debe tupu kwa kamba, na akiona ndege alipige lile debe, watu wakimbilie mahandaki waliyochimbishwa uwanjani.

Sasa nyinyi mnaojua miji yetu mnajua tatizo liko wapi. Nyua zetu zina kuta mbele na makuti nyuma, lakini juu hazina kitu. Mwanamke yumo uani mwake amefunga leso kifuani, ananyoa nywele za kwapa, anasuka, anaoga, ametulia kwa sababu ni kwake. Mtu akiwa juu ya mnazi anaona nyua zote kama sahani juu ya sinia. Kwa hiyo mkwezi mwenye adabu hakwei kimya. Husimama chini ya mnazi akaita kwa sauti ndefu, "Nakweaaa!" Kila ua hujibu kwa zamu yake, "Kwea!" yaani tumeshajifunika au tumeingia ndani. Akisikia majibu yote ndipo mguu wake unashika kidato cha kwanza, ile kata ya kukanyagia iliyochongwa kwenye gome. Mkwezi anayekwea bila kuita haajiriwi tena, na mkewe haalikwi harusini.

Bi Tatu, mjane mwenye ulimi mkali, alikuwa wa mwisho kujibu kila mara, makusudi.

"Nakweaaa!"

"Ngoja, nina povu."

Baba anangoja. "Bi Tatu, nikwee?"

"Ngoja, nazungumza na paka wangu."

Baba hucheka peke yake pale chini, kamba begani. Ulikuwa mchezo wao, na hakuna aliyeudhika.

Sajenti Farjala akaupiga marufuku. Mlinzi, akasema, hapigi kelele. Mlinzi hukwea kimya kama paka, asije adui akasikia.

"Sajenti," baba akasema, "adui yuko ndani ya ndege. Ndege yenyewe ndiyo kelele."

"Unabishana na amri?"

"Nauliza tu."

"Asiyeshika amri, lori la wapagazi lipo. Habashi kule wanataka migongo ya kubeba risasi. Nitakuandikisha mwenyewe."

Nilikuwepo, nimeshika kikoi cha baba. Nikalisikia lile neno lori, nikakishika kikoi kwa mikono miwili.

Siku ya kwanza ya kimya, baba akakwea bila kuita. Bi Tatu alikuwa uani anaosha nywele. Akainua kichwa kumwaga maji, akaona nyayo mbili za mwanamume zinapanda angani. Alikuja kwetu povu likimchuruzika chini ya buibui. Baba alikuwa amesharudi.

"Athumani, mimi ni rika la mama yako."

"Bi Tatu, wallahi sikuona kitu."

"Umekaa juu ya utosi wangu, jua linawaka, hukuona kitu. Basi umepofuka."

"Sikuona kitu, Bi Tatu."

"Afadhali apofuke," mama akasema kutoka jikoni, na sauti yake haikuwa ya kutania. "Akiwa ataendelea kukwea hivyo, afadhali apofuke."

Yale maneno nikayalaza chini ya mto. Mtoto hajui kwamba watu wazima husema wasichotaka kitokee.

Siku ya pili nilikwenda kumngoja chini ya mnazi. Nikamwona anashuka. Baba yangu niliyemjua hushuka mnazi kama mtu anayeteremka ngazi za msikiti, anatazama huku na huku, ananitupia neno. Siku hiyo alishuka polepole. Kidole gumba cha mguu kilitangulia, kikapapasa gome, kikatafuta kidato, kikakosa, kikarudi, kikapata. Nikamtazama usoni. Macho yalikuwa yamefumbwa, kope zimebanana kabisa. Alipogusa mchanga ndipo akayafumbua, akapepesa kama anayetoka gizani, akasema, "Ah, Mwana, kumbe uko hapa."

Kumbe uko hapa. Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Jioni, wakati wa kula, mama akamuuliza, "Leo umeona nini huko juu?"

"Sikuona kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, nakuapia."

Na mama akatabasamu, akampakulia samaki mkubwa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilimwona mke anayefurahi mumewe amekuwa kipofu, nikajua dunia imeharibika na kwamba vita ndivyo hivi.

Mjini kwetu alikuwako kipofu mmoja, alikaa ngazi za msikiti. Aliongozwa na binti yake, mkubwa wangu kidogo, yeye mbele, fimbo katikati, baba yake nyuma. Binti yule hakuja chuoni wala hakucheza. Sisi tukiruka kamba alipita ameshika ncha ya fimbo, akitutazama mpaka anageuka kona. Nikaanza kuihisi ile fimbo kiganjani mwangu. Lakini si fimbo tu. Ikiwa Sajenti atajua kwamba mlinzi wake haoni, atamtia kwenye lori, na Habashi nani atamshika mkono? Au ataanguka kutoka kileleni kabla hata lori halijaja. Kila alipokwenda kukwea nilikaa nyumbani nimeziba masikio nisisikie kishindo.

Kwa hiyo nikajiweka kazini. Niliondoa mbuzi ya kukunia nazi njiani asije akajikata. Nilisogeza mtungi. Tukienda sokoni nilimshika kidole: "Baba, hapa kuna jiwe. Baba, hapa pana shimo." Yeye alidhani nimependa kuwa karibu naye, akaninunulia kashata. Siku moja nikajipa moyo nimjaribu. Alikuwa barazani anasuka kamba, nikasimama mbele yake nikamtolea ulimi mpaka kidevuni. Jambo hilo kwetu lilikuwa la kuchapwa. Yeye aliendelea na kamba yake. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi. Leo najua mtu anayehesabu nyuzi haachi hesabu yake kwa ulimi wa mtoto. Wakati ule nilipata ushahidi wangu.

Sikumwambia mama, kwa sababu mama nilimhesabu upande wa adui.

Ikafika siku ya Bwana Shauri kuja kuwakagua. Sajenti alipaka mabuti mafuta ya nazi yang'ae, vumbi likayaganda mpaka yakawa kama mikate ya ufuta. Wazee wamejipanga uwanjani, michi begani. Watu wote tumekuja. Bwana Shauri alikuwa kijana, shingo nyekundu, na Kiswahili alikijua lakini alikisema kama anayesoma hukumu. Akaeleza kwamba leo kutakuwa na jaribio. Karani wake yuko pwani na tiara kubwa nyekundu, yaani kishada cha kurusha kwa uzi. Tiara hiyo ndiyo ndege ya adui. Mlinzi akiiona ikipanda atapiga debe, na kila mtu aingie handakini. Yeye ataangalia saa.

"Mlinzi yuko wapi?" akauliza.

"Yuko juu, Bwana," Sajenti akasema, kifua mbele. "Amekwea kimya kabisa."

Sote tukatazama. Ulikuwa karibu, ule mnazi, na baba alionekana vizuri kileleni, amekumbatia makuti, uso wake ameuelekeza baharini. Debe linaning'inia kiunoni.

Tiara ikapanda. Ilikuwa kubwa kama kitanda, nyekundu kama pilipili, na upepo wa kusi uliishika vizuri. Ikatokeza juu ya paa la msikiti. Watoto wakaiona. Kuku wa Bi Tatu wakaiona, wakakimbilia chini ya kinu. Mbwana fundi, aliyekuwa amegeukia upande usio wake, akaiona kuliko wote na akaanza kwenda handakini, mwalimu wa chuo akamshika shati. Debe halikulia.

Tiara ikaja ikasimama mbele ya baba kabisa, ikatikisa mkia. Debe kimya.

"Athumani," Sajenti akanong'ona kwa nguvu, akiwa hawezi kuita kwa sababu kimya ilikuwa amri yake mwenyewe. "Athumani. Tazama."

Bwana Shauri akatazama saa yake, akamtazama Sajenti, akatazama saa tena. Watu wakaanza kunong'onezana. Mimi niliona lori. Niliona baba anapandishwa, anapapasa ubao kwa mikono, na mimi sifikii ukingo. Sijui miguu ilinifikishaje katikati ya uwanja, mbele ya yale mabuti. Nikapiga kelele kwa sauti ambayo sijaitoa tena maishani mwangu.

"Msimchukue! Baba haoni! Baba yangu ni kipofu!"

Uwanja mzima ukanigeukia. Halafu kutoka juu kabisa ya mnazi ikaja sauti ya baba, ya mtu aliyeamshwa.

"Nani kipofu?"

Akafumbua macho anitafute. Kunitafuta mimi ilimbidi atazame chini, na chini yake, kabla ya mimi, ulikuwa ua wa Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa hakuja uwanjani. Alikuwa amebaki kujipaka liwa, ule msandali wa kusugua mwilini.

"Sasa ameona!" Bi Tatu akapaza sauti huko ndani. "Mashahidi mpo, leo ameona!"

Baba akafumba tena upesi, akafunika na kiganja juu yake, na ule mkono ukaligonga debe. Debe likalia. Mbwana, aliyekuwa amejiandaa, akawa wa kwanza handakini, mwalimu akamwangukia juu, na wazee wote na watazamaji wakafuata, michi ikigongana. Sajenti aliingia na mabuti mbele. Tukabaki nje Bwana Shauri na mimi, tunatazamana.

Baba aliposhuka, kidole kikipapasa kidato kwa kidato, Bwana Shauri alikuwa anamngoja chini.

"Ewe mlinzi, je, ulikuwa umelala?"

"Hapana, Bwana."

"Je, wewe ni mgonjwa wa macho?"

"Hapana, Bwana. Nilifumba."

"Kwa nini ulifumba?"

Baba akatazama chini. "Niliamriwa nikwee kimya, Bwana. Nikikwea kimya wanawake hawajui niko juu. Hawakujifunika. Na mimi nimekula chumvi ya nyumba hizi. Basi nikaona nikae kimya kama nilivyoamriwa, na nifumbe kama inavyopasa."

"Leo umefumba?"

"Kila siku, Bwana. Tangu amri ilipotoka."

Bwana Shauri akageuka taratibu kuelekea handaki. Vichwa vilikuwa vimeanza kutokeza. "Sajenti," akasema. "Mji huu umelindwa na mlinzi aliyefumba macho?"

Sajenti akaanza kujikung'uta mchanga. Aliyejibu ni Bi Tatu. Sauti yake ikapita juu ya makuti ya ua: "Muulizeni huyo Mzungu kama kwao mama yake huoga huku mwanamume amekaa juu ya paa."

Karani alikuwa ameshafika na uzi wa tiara mkononi, akatazama pembeni kama hakusikia. Lakini Bwana Shauri alikuwa amesikia na ameelewa. Wekundu ukatoka shingoni ukapanda mpaka masikioni. Nikajua sasa ndiyo lori. Akakaa chini, pale pale kwenye mzizi wa mnazi, akavua kofia, akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati. Sijawahi kuona Mzungu akichekea mchangani.

"Aite," akasema alipopata pumzi. "Kabla ya kukwea aite kwa sauti kubwa. Kisha afumbue macho."

"Na lori, Bwana?" mimi nikauliza. Baba alinibana bega, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Lori lipi?"

"La kumpeleka Habashi."

Akamtazama Sajenti. Sajenti akayatazama mabuti yake. "Mimi sina lori," Bwana Shauri akaniambia. "Mimi nina baiskeli."

Mama alikuwa amefika, amejitanda leso mbili. Hakumsemesha mtu. Alikwenda mpaka kwenye handaki akauchomoa mchi wake mkononi kwa Mbwana fundi, ambaye aliuachia bila kubisha, akarudi nao nyumbani. Siku ile tulikula mahindi yaliyotwangwa.

Lakini mimi nilikuwa bado sijaamini. Mtoto akishaogopa kitu siku nyingi, hakimtoki kwa kuambiwa. Njiani nilimshika baba kidole na kila baada ya hatua nikamwambia jiwe, shimo, jiwe. Akasimama. Akachuchumaa mbele yangu, akanitazama.

"Umenibeba siku zote hizi?" akasema.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Haya, niulize. Niulize chochote."

"Kunguru yule juu ya msikiti, ana nini mdomoni?"

"Mfupa wa samaki. Changu, nadhani."

"Na kule mwisho wa njia?"

"Mzee wa kahawa. Buli la kushoto limebonyea."

Akaendelea hivyo mpaka nyumbani, mimi nikiuliza na yeye akitaja. Alitaja mpasuko kwenye mlango wa jirani, chungu waliobeba punje ya mchele, rangi ya uzi aliotumia mama kushonea kiraka changu. Tulipofika barazani akaongeza, "Na juzi mtoto mmoja alinitolea ulimi. Nikasema nimwachie, labda unamuuma." Nikaingia mbio kwa mama. Usiku ule nililala kama jiwe.

Tangu siku ile baba aliita kabla ya kukwea. Bi Tatu alimngojesha zaidi ya zamani, akisema sasa anasubiriwa kwa amri ya serikali. Mtaliana hakuja mji wetu. Watu walisema alisikia zile kelele.

Asubuhi yake, hapa Doha, Zuhura alinipeleka hospitali, wakafungua jicho. Kwanza ulikuja mwanga, mkali, maji yakanitoka. Daktari akanionyesha kitu akauliza ni nini, nikamwambia ni vidole vyako, na kimoja kina wino. Zuhura akaangua kilio pale pale, nesi mzima.

Nyumbani nilisimama dirishani muda mrefu. Hamisi akaja nyuma yangu na chai ya karak mkononi.

"Shosho, waona?"

"Kifungo cha pili cha shati lako kimekatika. Mtu wa bakala anapanga vitunguu vilivyooza chini ya vizuri, usinunue pale. Na yule anayepogoa mitende barabarani amepanda kimya, hajaita mtu." Nikavuta pazia.

"Khalas," Hamisi akasema, "tumekwisha."

Zuhura alikuwa ameketi na mtoto. Nikaenda polepole, bila kuinama, akamnyanyua mpaka usawa wa uso wangu. Walimpa jina la baba yangu, Athumani, na mimi sikuwa nimesema kitu siku ile, kwa sababu jina huwezi kulitafuta usoni kama uso huuoni. Nikamtazama. Nyusi ni zile zile, zimekutana katikati kama za mtu anayepapasa kidato. Alikuwa amelala, kope zimebanana.

Zuhura akataka kumwamsha anitazame. Nikamzuia.

"Fumba tu, baba," nikamwambia. "Leo naangalia mimi."